Barua ya wazi kwa madereva na makonda wa daladala

Wanangu,

Nawasalimu nyote, mlio barabarani na mlio kijiweni mkisubiri deiwaka. Tangu nistaafu usukani, nikipita stendi mnaniuliza habari za matajiri, spea na trafiki. Leo naomba mnisikilize juu ya jambo ambalo hakuna anayeniuliza: moyo.

Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wa kazi yetu hii hii. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima, konda alipanda na kushuka akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Walikuwa watu wa hali moja ya maisha, gari moja, moshi mmoja. Lakini madereva ndio walioshikwa zaidi na ugonjwa wa moyo, na vifo vya mapema vya ugonjwa huo vilikuwa kama mara mbili ya vile vya makonda. Wabishi hawakukosekana: pengine wenye vitambi ndio waliokimbilia udereva! Morris akafukua kumbukumbu za sare zao, akapima saizi za suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vipana. Hata hivyo, konda mnene bado alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Konda, usianze kujitapa. Daladala zetu hazina ghorofa. Unaning'inia mlangoni, unagonga bodi, unaita abiria, basi. Ni afadhali kuliko kukaa, lakini hiyo haikujengei pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kuhimili kazi.

Na pumzi ndiyo habari yenyewe. Moyo ni msuli. Ukiutumikisha unapata nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo ukipumzika unapiga taratibu. Mishipa nayo inalainika na presha inashuka. Usipoutumikisha unakuwa kama injini inayonguruma gari likiwa limeegeshwa. Watafiti waliopima watu wakikimbia kwenye mashine wameona tena na tena kwamba wenye pumzi nyingi huishi muda mrefu kuliko wasio nayo, na wanaonufaika zaidi ni wale wanaotoka chini kabisa wakapanda kidogo tu. Yaani sisi.

Najua mtasema umri umeshakwenda. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wazima wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu, hawana ugonjwa wowote. Walipoamka, pumzi yao ilikuwa imeporomoka vibaya. Miaka thelathini baadaye wakapimwa tena, na hakuna hata mmoja ambaye uzee ulikuwa umemshusha kuliko zile wiki tatu za kulala. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya kawaida, kutembea, kukimbia polepole na baiskeli, kwa miezi sita. Pumzi waliyopoteza kwa miaka thelathini ikarudi. Mimi habari hii niliisoma mara mbili ndipo nikaamini.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako, lakini kuimba huwezi. Gym si lazima. Gari likiwa kwenye foleni ya kupakia Mbagala au Gongo la Mboto, badala ya kulaza kiti au kukaa kwenye drafti, zunguka stendi kwa mwendo wa mtu anayedaiwa. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, siku tano, hesabu imetimia. Hata tano tano zinahesabika. Ukilaza gari karibu na nyumbani, acha bodaboda, tembea. Siku mbili kwa wiki ongeza push-up au beba ndoo za maji, mkeo atafurahi pia.

Kitambi msikiite tena neema. Na sigara ile ya kufukuzia usingizi inaharibu mishipa mnayojaribu kuilainisha.

Kama una presha au kisukari, au umevuka arobaini na hujawahi kukimbia, pitia kwanza zahanati wakupime, kisha anza na kutembea tu. Presha haisemi, wengi wanaijua siku wanayoanguka.

La mwisho ni la kwenu makonda. Ukimwona dereva wako anashika kifua, anatokwa jasho jembamba, analalamika mkono wa kushoto au taya kuuma, usimwambie amalizie tripu. Aegeshe gari, abiria wapande jingine, na apelekwe hospitali wakati huo huo, mtu mwingine akiendesha. Tajiri mtampigia simu mkiwa njiani.

Mzee wenu,
dereva mstaafu, Dar es Salaam