Salamu za Idi: siku moja na usiku wake

Assalaamu alaykum jamaa zangu, wa karibu na wa mbali, mliokula daku la wali na samaki na mliokula tende mbili kwa maji. Idi Mubarak. Mungu atutakabalie funga zetu, na waliotutoka awarehemu.

Salamu zangu mwaka huu zinaanzia jikoni, jioni ya mwezi 29 Ramadhani. Sisi watu wa Unguja tunaijua jioni ile. Magharibi imeshaadhiniwa, uji umenywewa, na hakuna anayejua kesho ni funga au ni Idi. Watoto wako nje wanaonyeshana mawingu. Redio iko juu, inangojewa taarifa ya Mufti, na kila kaswida ikikatika nyumba nzima inanyamaza. Fundi wa mtaa wa pili bado anatia vifungo kanzu za watu waliompelekea vitambaa tangu Shaabani. (Huyo kila mwaka ni hivyo hivyo, mwezi uandame usiandame.)

Siku hizi simu inakwambia mwezi utazaliwa saa ngapi na dakika ngapi, hata wa miaka kumi ijayo. Bado tunatoka kutazama juu. Wapo pia wanaofuata mwandamo wa kwingine, nyumba moja ikawa na Idi mbili, lakini ugomvi huo leo siutii mguu.

Marehemu bibi yangu hakuwa mtu wa kusubiri redio. Alikuwa akikaanga tambi za Idi na kupika wali wa daku jioni ile ile, jiko moja. Tukimuuliza, "Bibi, kesho Idi?" alikuwa akijibu: "Kesho tutakula, Mungu akipenda. Kama usiku, kama mchana, mtaambiwa."

Mimi sikurithi moyo ule. Ramadhani hii niliingia nayo na daftari. Mkataba wangu wa kazi unakwisha, kodi ya nyumba inadaiwa miezi sita kwa mkupuo, na mwanangu mkubwa anasubiri matokeo. Nikawa kila baada ya tarawehe nakaa nahesabu: Mfunguo Mosi nitakula nini, Mfunguo Pili nitakopa wapi, Mfunguo Tatu nitamwambia nini mwenye nyumba. Miezi ya wazee wetu inahesabiwa kuanzia Idi, na mimi nilikuwa nimeshafika Mfunguo Tisa kabla mwezi haujaandama.

Kwa hesabu hizo nikajiona zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya Idi, mwaka huu hainilazimu. Nikaenda kumuuliza sheikh wetu, kusema kweli nikitaka anikubalie.

Akaniuliza, "Una chakula chako na cha watu wako, siku ya Idi na usiku wake?"

"Ninacho."

"Kuna kilichozidi hapo?"

Nikakumbuka gunia la mchele nyuma ya mlango. "Kipo."

"Basi toa. Huko Mfunguo Tatu hukuulizwa."

Ndivyo ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii: kipimo ni siku moja na usiku wake. Hapaulizwi mshahara wala mkataba. Kila kichwa pishi moja, siku hizi wengi tunapima kilo 2.5 za mchele, na kichwa ni pamoja na mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kutua. Sisi tuko wanne. Nilizipima kilo 10 kwa mkono wangu, na sijui kwa nini, kila nilipochota nilihisi kifua kinashuka kidogo. Mimi niliyekuwa nikijisumbua na mwaka mzima nilikuwa nimeulizwa kesho tu.

Mfuko mmoja niliupeleka kwa jirani anayelea watoto peke yake. Asubuhi ya Idi, takbira zinasikika na watu hawajaenda kuswali, nikamwona binti yake anabisha mlango wa tatu na kifurushi cha mchele. Mama yake alikuwa ameshapata kutoka nyumba mbili tatu, kimezidi cha siku yake, naye akatoa zaka yake.

Msinifahamu vibaya. Mkataba wangu bado unakwisha. Barua za kuombea kazi nimezipeleka, na foleni ya kutoa kopi nimeipanga na saumu yangu na jua lile. Daftari pia lipo, ila usiku nalifunga, nalala.

Leo Mfunguo Mosi, mlango wetu uko wazi mpaka Idi nne, yaani siku ya nne ya Idi. Watoto waje, mkono wa Idi upo, ni mia tano tano, asininunie mtu. Tambi ziko sufuria zima. Wanaokuja Idi tatu waje na sukari.