Barua ya wazi kwa vijana mnaotunga maswali ya chemsha bongo

Wajukuu zangu,

Nawasalimu kutoka Tanga. Barua hii haiwahusu washindani; wao hujibu walichoulizwa, wakarudi kukaa. Inawahusu ninyi wa meza ya mbele, mmoja na karatasi ya majibu, mwingine na saa, mwingine na kipaza sauti. Ninyi ndio mnaoamua, katika historia yote ya dunia, kipi kiulizwe na kipi kiachwe. Hayo ni mamlaka makubwa na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuwaambia hivyo.

Nilifundisha historia sekondari mpaka nikastaafu, na siku hizi mnaniita kukaa kiti cha mwamuzi. Nashukuru kwa heshima hiyo, na kwa soda. Lakini maswali ni yaleyale kila mwaka: nani wa kwanza, upi mrefu, ngapi, mwaka gani. Sigombani na kukariri. Asiyejua kwamba Mkutano wa Berlin ulitangulia Vita vya Maji Maji hawezi kuelewa vita vile vilitoka wapi. Kinachonikera ni pale mtoto anapotaja tarakimu, makofi yanapigwa, na kisa chenyewe kinabaki hakijaguswa.

Chukueni swali ambalo halijawahi kukosa: vita fupi kuliko zote ilipiganwa wapi na ilidumu dakika ngapi? Mikono inapanda hata swali halijaisha. Zanzibar! Dakika 38! Watu wanacheka kidogo, kwa sababu linasikika kama jambo la kuchekesha.

Kwanza hizo dakika zenyewe. Wapo wanaoandika 38, wapo wa 40, wapo wa 45, kwa kuwa hawakubaliani waanze kuhesabu wapi na waishie wapi. Na bado nimeona mtoto akinyimwa alama kwa kusema 40.

Sasa kisa. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku hiyohiyo binamu yake, Seyyid Khalid, mtoto wa Seyyid Barghash, aliingia jumba la kifalme na kujitangaza mtawala. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walishikilia kwamba hakuna wa kukalia kiti kile bila ridhaa yao, na walikuwa na mtu wao tayari, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizopanga mstari mbele ya Forodhani zikaanza kufyatua mizinga.

Jumba lile sehemu kubwa lilikuwa la mbao. Ndani na kandokando yake walikuwamo watu wapatao 3,000, na si wote waliokuwa askari: walikuwamo watumishi, walikuwamo watumwa, watu ambao ugomvi wa nani akalie kiti haukuwa wao. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa Zanzibar walikaribia 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Semeni tarakimu hizo mbili kwa mfuatano kwenye kipaza sauti, halafu mwone kama kuna atakayecheka.

Kama mnataka swali la kuwatoa watu jasho, lipo. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akakaa humo mwezi na zaidi, Waingereza wakimsubiri nje. Alitokaje bila kukamatwa? Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani ilisogea mpaka kwenye mlango wa bustani ya ubalozi. Khalid akapanda moja kwa moja, hata unyayo wake haukugusa ardhi ya Zanzibar, akapelekwa Dar es Salaam. Wakili mzuri na mtabiri wa maji ya bahari walifanya kazi pamoja siku ile. Waingereza walikuja kumkamata mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Alifia Mombasa mwaka 1927. Miaka thelathini na moja ya maisha ya mtu, nasi tumebaki na dakika 38.

La pili ni la hatari zaidi, maana jibu mlilo nalo kwenye karatasi huenda si sahihi. Mnauliza: nani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India? Mnataka jibu liwe Ahmad ibn Majid. Najua limeandikwa sehemu nyingi. Ibn Majid alikuwa bingwa wa elimu ya bahari, mzaliwa wa Julfar, inayoitwa leo Ras al-Khaimah, na maandishi yake kuhusu nyota na njia za bahari yapo mpaka sasa. Lakini habari ya kwamba yeye ndiye aliyewaongoza Wareno ilitoka kwa mwandishi mmoja wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye. Waandishi wa Kireno wanamtaja nahodha wa Kigujarati. Wanahistoria wengi leo wanaliona jina la Ibn Majid halisimami hapo. Kwa hiyo mtoto akijibu "Mgujarati" mkamkatia alama, mmemwadhibu kwa kusoma zaidi yenu.

Nami ningeliacha swali la jina kabisa, niulize la upepo. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi, upepo wa kuelekea India, ndiyo inaingia, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameifikia pwani ya Calicut, tarehe 20 Mei. Huo ndio ujuzi aliopewa Malindi: wakati. Kurudi hakusikiliza mtu. Aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi, upepo wa kurudia, haijashika, akahangaika baharini karibu miezi mitatu. Bahari ileile! Mabaharia wake walivimba fizi kwa kiseyeye, wakafa kama thelathini. Alipoiona tena pwani ya Afrika mwanzoni mwa Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha merikebu tatu, akaichoma moto mojawapo, São Rafael. Wanahistoria wanapaweka mahali alipoichoma kwenye miamba iliyo mbele ya Tongoni, kusini kidogo ya mji wetu huu. Watoto wa Tanga wanashindania jina la nahodha na hakuna aliyewaambia kwamba merikebu iliteketea pale wanapokwenda na shule kuangalia magofu. Mvuvi yeyote wa Deep Sea hapa Tanga angeweza kujibu swali la kusi na kaskazi bila kufungua kitabu. Mwalikeni siku moja, akae nasi mezani.

Maswali ya "nani wa kwanza" nitayapita haraka, maana yamesemwa mno. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, mlima Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889, hilo ni kweli, ulizeni. Ila ongezeni kwamba kwenye kambi ya juu, kwenye baridi ile, alibaki mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani akiwatunzia kambi na chakula. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la Pangani. Hakupanda kileleni na hakuna anayesema alipanda. Lakini jaribuni kupanda mlima ule bila mtu wa kuwasha moto.

Kuna swali la sayansi mmelianza mwaka huu, nalo limenifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mliuliza: ni kweli au si kweli, maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi? Jibu kwenye karatasi: kweli. Kijana mmoja akasema "inategemea", mkamzomea.

Alikuwa sahihi. Kisa hiki ni cha mkoa wetu, basi nakiomba kipewe nafasi yake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, ndipo wanaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa chache. Mpemba akaogopa kukosa, akaweka yake yakiwa ya moto. Baadaye akakuta yake yameganda na ya mwenzake, aliyeweka maziwa bila kuyachemsha, bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Darasani ikawa mzaha: akikosea hesabu, huambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kutoa mhadhara wa fizikia. Wakati wa maswali Mpemba akasimama na swali lake lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, ila alifanya jambo ambalo waamuzi wa chemsha bongo hatulifanyi: alisema atakwenda kujaribu. Akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, mwanafunzi na mhadhiri, na tangu hapo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Tena hata leo wanasayansi hawajakubaliana. Wengine wanalipata kwenye majaribio yao, wengine hawalipati, na wapo wanaosema inategemea chombo, kiasi cha maji, mahali kipimajoto kilipochomekwa. Kwa hiyo "inategemea" ndilo jibu zuri kuliko yote mliyopokea siku ile. Mrudishieni yule kijana alama zake mbili. Sitanii.

Kwenye michezo naona mmelipenda swali la mtu wa mwisho katika marathoni ya Mexico mwaka 1968. John Stephen Akhwari, Tanzania. Vizuri. Alianguka njiani, goti likateguka, bega likaumia, akaingia uwanjani na bandeji giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Mnamsimulia kana kwamba alikuwa mtu wa kuonewa huruma, aliyejaaliwa moyo tu bila miguu. Waliomaliza siku ile walikuwa 57, naye wa 57; lakini 18 walioanza naye hawakumaliza kabisa. Na miaka miwili baadaye, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Wa tano! Hilo sijalisikia likiulizwa hata mara moja.

Siti binti Saad mnamuuliza mwaka aliorekodi santuri Bombay, na jibu ni 1928. Basi. Ulizeni alikuwa akiimba nini. Binti wa Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, aliyeingia mjini na kuimba kwa Kiswahili mambo yaliyokuwa yakitokea mitaani, zikiwamo kesi za mahakamani. Upo wimbo wake kuhusu mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyeuawa Unguja. Muuaji alivuka bahari akatoroka, na wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi wakaishia kufungwa wao. Siti aliyaimba hayo yakasikika kila palipokuwa na gramafoni, na wakoloni wapo. Mwaka aliorekodi mtoto ataujua kwa dakika tano, lakini ujasiri ule unahitaji mtu wa kumsimulia.

Sasa la kufanya. Kila swali la "nani" au "lini" liwe na swali la pili, la "ilikuwaje" au "kwa nini", na la pili libebe alama nyingi zaidi. Mtasema muda hautoshi. Punguzeni maswali, thelathini yawe kumi. Mtasema majibu marefu hayana usawa, kila mwamuzi atatoa alama zake. Ni kweli, ndiyo maana waamuzi huwa watatu. Ruhusuni mshindani kupinga jibu la karatasi, apewe dakika moja ajitetee. Akiwashinda kwa hoja apewe alama, na karatasi irekebishwe palepale mbele ya watu. Palipo na mabishano ya wataalamu, semeni kuna mabishano. Hamtapungukiwa heshima.

Mshindi wa zawadi asipewe fedha peke yake. Mpeni na kitabu. Ninyi mnaopenda kuuliza Abdulrazak Gurnah alipata tuzo ya Nobel mwaka gani, jueni kwamba riwaya yake mojawapo inasomeka kwa Kiswahili, na sijamwona hata mmoja wenu akiwa nayo mkononi.

Mashindano yajayo nitakuja mkiniita. Sharti langu ni moja: karatasi ya majibu niletewe nyumbani siku mbili kabla, na aliyeiandaa aje nayo mwenyewe, asimtume mdogo wake.

Wasalaam,
Babu yenu, mwalimu mstaafu
Tanga