Waliorudi hai kutoka vita vya Kagera nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita tulimzika baba yangu mzazi. Msomaji wa wasifu alitaja mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, shamba la kahawa, watoto na wajukuu, akakunja karatasi. Vita haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Simlaumu kijana wa watu, alisoma alichopewa, na sisi watoto tulikuwa tumechanganyikiwa na msiba. Lakini nilimwona mzee mmoja, mwenzake wa handaki moja, ameinamisha kichwa. Niliona aibu.

Baba alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia kwetu Oktoba 1978, tulivuka mto Kagera na godoro moja na mbuzi wawili. Nilikuwa na miaka 10. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni kwamba nia ya kumpiga nduli tunayo, baba hakungoja kuitwa. Alirudi 1979, baada ya Kampala kuanguka, akiwa na kipande cha chuma ndani ya paja. Kila masika alikaa kibarazani akilikanda paja lile kwa mafuta ya moto, hasemi neno. Alikuja pia na sanduku la risasi, la bati la kijani, mama akalifanya la mbegu za maharage. Bado liko jikoni, na kifuniko chake ukikifungua kinalia vilevile.

Mashujaa zaidi ya 600 wamelala Kaboya, Muleba, na taifa linawakumbuka kila tarehe 25 Julai. Wanastahili, na nitakwenda kuwaombea maadamu miguu inanibeba. Magofu ya kanisa pale Kyaka nayo yanatueleza mabomu yalifanya nini. Ila waliorudi wakashika jembe, kitongojini kwetu hawana hata kibao. Wanazikwa mmoja mmoja kama watu ambao hawakutoka nyumbani, na watoto wa shule wanapita mbele ya nyumba zao bila kujua.

Ninachoomba ni ukuta wa majina karibu na barabara ya darajani, wa matofali tu, majina yapangwe kijiji kwa kijiji. Nimekwisha kuanza. Daftari langu lina majina 23 ya kitongoji chetu pekee, na kati ya hao walio hai ni 6. Fundi anayetujengea makaburi amekubali kuchonga bure tukimpatia saruji na marumaru. Kilichokwama ni kiwanja: barua yetu ina miezi minne mezani kwa wahusika, haijajibiwa.

Yule mzee wa mazishini ndiye anayenisahihishia majina. Juzi alinikumbusha la kijana aliyekuwa akiwapikia, ambaye sisi wote tulikuwa tumemsahau. Masikio yake yanaziba, inabidi nikae bega kwa bega naye ndipo anisikie. Wenzake watano hali zao si nzuri kuliko yake.

Nawaomba wana Missenyi, walio nyumbani na walio mbali: ukiwa na mzazi, mjomba au babu aliyekwenda, andika jina lake kamili, kijiji chake, na kama alikuwa mgambo, polisi, magereza, JKT au mwanajeshi. Majina yakifika kabla ya Julai tutakuwa na orodha ya kuanzia.

Binti wa mwanamgambo,
Kyaka, Missenyi