Rais wa chuo chetu, kama hela imeisha tuambie sasa

Mheshimiwa Rais,

Salamu kutoka Dar. Mimi nilisoma hapo kwenu na saa hizi mtoto wa dada yangu yupo mwaka wa pili, kwa hiyo naandika kama mhitimu na kama mjomba anayechangia nauli na hela ya kula. (Kwa wasomaji wa huku, vyuo vya Marekani mkuu wake anaitwa rais, na juu yake kuna bodi ya wadhamini ndo inamwajiri na kumtoa.) Chuo chenyewe kidogo, asubuhi falsafa mchana baiolojia, usipotokea darasani profesa anakuulizia kwa jina.

Imeli yako tumeipata. Umeandika "kupitia upya muundo" na "kutafuta washirika", sawa, ila hela imebaki kiasi gani na inatosha mpaka lini hujagusa kabisa, halafu tunaambiwa bodi inakaa kikao cha ndani.

Sasa wewe Sweet Briar unaijua kuliko mimi, kile chuo cha wanawake Virginia. Tarehe 3 Machi 2015 rais wao, James Jones, akatangaza chuo kinafungwa mwezi wa nane mwaka huo huo, walimu na wanafunzi ndo wanasikia siku hiyo, na kwenye mfuko wa akiba kuna dola kama milioni 84. Shida zilikuwepo jamani, sibishi, wasichana wanaotaka chuo cha wanawake tupu tena kijijini walikuwa wanapungua na punguzo za ada zilikuwa zinakula mapato, na hela nyingi ya ule mfuko ilikuwa na masharti ya waliotoa, huwezi tu kuchota. Lakini wahitimu walivyosikia hawakukaa kulia, wakaanza kuchangishana, kesi zikafunguliwa, moja ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Virginia, na mwezi wa sita mwanasheria mkuu wa jimbo akawapatanisha: wahitimu walete milioni 12, masharti yalegezwe kwenye milioni 16 za mfuko, Jones aondoke na wajumbe wengi wa bodi wabadilishwe. Akaja rais mpya, Phillip Stone, chuo kikafungua, kipo mpaka leo na tangu 2023 kinaongozwa na Mary Pope Hutson ambaye alisoma hapo hapo.

Yaani waliotoa hizo milioni 12 ni wale wale ambao bodi haikuona sababu ya kuwauliza! Hicho ndo kinaniudhi na hizi siri zenu, mnatuficha sisi wakati wa kuja kutuomba ni sisi.

Halafu kuna watoto wa viza. Mmarekani chuo kikifungwa anarudi kwao kujipanga, huyu wa kwetu rekodi yake ya uhamiaji lazima ihamie chuo kingine chenye kibali cha kupokea wageni, la sivyo hadhi yake ya uanafunzi inakufa, na kupata nafasi yenye msaada wa ada katikati ya mwaka sio mchezo.

Naomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu ziwekwe wazi, na bodi ije kwenye mkutano wa mtandaoni ijibu maswali. Na huo mkutano usiwe saa mbili usiku kama ule uliopita, huku ni saa tisa usiku watu tumelala, wekeni saa nane mchana, sisi itakuwa saa tatu usiku, tutaingia.