Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu: makangaga yanayoelea na lebo zetu

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Hela kwanza, maana najua ndo mnayoisubiri: ada wengi mmelipa, hesabu atazisoma mhazini. Mi naomba niongelee sampuli, yaani mimea tunayobana kwenye magazeti ikauke.

Mwaka huu nguvu yetu kubwa imeenda kwenye makangaga yanayoelea, azola hasa, kule mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika upande wa Ilagala na kwenye madimbwi ya njia ya Uvinza. Ni vimea vidogo, watu wanavipita wakidhani uchafu wa maji, na ukivitoa majini vinajikunja, ukivitupia kwenye gazeti hivyo hivyo unapata uji. Ndo maana nawashukuru sana wenzetu wa Ujiji walioshika ile njia ya beseni, unauweka mmea uelee kwenye maji safi, unapitisha karatasi ngumu kwa chini, unanyanyua taratibu maji yachuruzike, mmea unabaki umekaa vile vile. Kwa salvinia, kangaga jingine linaloelea, chukueni lensi muangalie vinywele vya juu ya jani KABLA ya kubana, ile Salvinia molesta iliyotoka Brazil vinne vinne vinakutana nchani vinafanya kama kitundu, ukishabana vinalala huoni tena kitu.

Sasa lebo. Jamani, kuna bahasha zimeandikwa "Malagarasi" basi, mto wa kilomita zaidi ya 400! Kumbukeni ya Kariba, kule mto Zambezi: bwawa lilifungwa mwishoni mwa 1958, 1959 salvinia ikaonekana, kufika 1962 imetanda kama kilomita za mraba 1000, na miaka yote hiyo watu wanaiandika Salvinia auriculata mpaka mtaalamu wa mimea Mitchell alipoipa jina lake la molesta mwaka 1972. Jina lililokosewa linarekebishika, unafungua bahasha unaangalia mmea upya. Mahali na tarehe visipoandikwa, hakuna wa kuvirudisha. Na hili eneo letu la Malagarasi-Muyovozi limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, tangu 2000, la kwanza Tanzania, siku likiingia gugu geni wataulizia lilianza lini na wapi.

Kwa hiyo kila sampuli iwe na kijiji, tarehe, maji yametulia au yanatembea, na rangi, maana azola ikipigwa jua kali inakuwa nyekundu, ikikauka huwezi kujua ilikuwaje. Bana nakala mbili mbili, moja tunapeleka hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Arusha, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Magazeti ya kubania yameisha, mwenye ya zamani ampe katibu kabla mvua hazijaanza.