Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: mkichukua damu ya mgonjwa, chukueni na unga

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: VIFO VYA INI KUFELI GHAFLA, NA KIROBA KINACHOBAKI NYUMBANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Kati. Naandika hadharani kwa sababu barua ya ndani hupita meza nyingi, na mahindi yakishaingia ndani na unyevu wake huota kuvu wenye sumu, hayasubiri saini ya mtu.

Msimu uliopita aliletwa kwetu mtoto wa miaka tisa, macho yana rangi ya binzari. Mama alisema ni malaria, kipimo kikakataa. Nikamwambia mtoto anyooshe mikono na kukunjua viganja kama anayesukuma mlango. Viganja vikawa vinadondoka na kurudi, vinadondoka na kurudi. Ukiona hivyo, ujue sumu ambazo ini lilipaswa kuziondoa zimeshafika kwenye ubongo. Kipimo cha kuganda kwa damu hatuna, hivyo nikafanya kile tunachowafanyia walioumwa na nyoka: damu kidogo kwenye chupa safi ya kioo, mezani, dakika 20. Nilipoinamisha chupa, damu ilitiririka kama chai, haikuganda, dalili ya ini kushindwa kazi. Tulimpa sukari ya mshipa na vitamini K, tukaandika rufaa. Alifia njiani.

Kwenye karatasi ikaandikwa "homa ya ini", na faili likafungwa.

Siku ya tatu nilikwenda msibani. Bibi yake, bila kuulizwa, alisema: "Hata mbwa wetu alikufa wiki ile ile. Tulimpa ukoko wa ugali." Nilisimama pale nikikumbuka Machakos, Kenya, mwaka 1981. Waliugua watu 20, wakafa 12, na kwenye kaya zao njiwa na mbwa walikuwa wakifa pia. Chanzo kilikuwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi. Nikaomba kuona unga. Kiroba kilikuwa kitupu, ulishapikiwa waombolezaji.

Nilikaa wiki mbili nikimtazama kila aliyeingia na macho ya njano. Hakuja mtu kutoka kijiji kile. Hilo halithibitishi kitu, na ndilo linaloniudhi: sijui mtoto yule alikufa na nini, wala hakuna tena njia ya kujua.

Homa ya ini ni jina la mlango tu. Nyuma yake kuna virusi vya hepatitisi A, B na E, kuna dawa, kuna mizizi ya kuchemsha, kuna chakula. Kila kimoja huua kwa namna yake. Sumukuvu yenyewe ikiingia haina makali sana. Ni vimeng'enya vya ini vinavyoigeuza kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba na protini za seli. Ini lina mlinzi wake, glutathioni, anayekidaka kitu hicho kabla hakijadhuru. Mlinzi huyo huyo ndiye anayedaka masalia makali ya parasetamoli. Sasa mchukue mtoto aliyekonda, ambaye akiba yake ya glutathioni ni ndogo, anakula ugali wa mahindi mabovu asubuhi na jioni, kisha homa inapanda na nyumbani wanampa parasetamoli kwa kukisia, kijiko juu ya kijiko. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwa yule wangu. Nasema hakuna aliyeuliza, nami nikiwemo. Niliandika dawa alizopewa hospitalini. Alizopewa nyumbani sikuziandika.

Majirani zetu walionyesha namna ya kuuliza. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317 na kufa 125. Wachunguzi hawakuishia wodini. Waliwachukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua wa vijiji vile vile, wakachukua damu na mahindi ya kila kaya. Waliougua ndio waliokuwa na sumu nyingi zaidi katika mahindi yao, ndio waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, na ndio waliokutwa zaidi na hepatitisi B. Mahindi mengine yalifika mikrogramu 4,400 za sumu kwa kilo, wakati kikomo cha Kenya kilikuwa 20. Kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, walihesabiwa wagonjwa 68 na vifo 20. Tulijua ni sumukuvu kwa sababu safari ile chakula nacho kilipimwa.

Ombi langu, ndugu Mganga Mkuu, linaingia kwenye ukurasa mmoja wa mwongozo. Mgonjwa yeyote mwenye manjano na kuchanganyikiwa, siku hiyo hiyo, achukuliwe damu pamoja na unga au mahindi anayokula, kilo moja, kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki kuvu huendelea kuota na kipimo kinadanganya. Apimwe hepatitisi B. Ndugu waulizwe dawa zote za nyumbani, za duka na za mganga wa kienyeji, bila kufokewa, maana ukimfokea mama hakwambii. Na hospitali za rufaa za mikoa ziwe na asetilisisteini, dawa inayorudisha akiba ya glutathioni ikiwahi. Kwa sumu ya parasetamoli, saa nane za mwanzo ndizo zenye faida kubwa.

Pia amueni unga ni wa nani. Nilipiga simu ofisi moja nikaambiwa chakula si ugonjwa. Nyingine ikaniambia mgonjwa si kazi yao. Damu ina fomu yake, unga hauna, kwa hiyo unabaki jikoni, na walio hai wanaendelea kuula. Kuupika hakusaidii, sumu hii haifi kwa moto wa ugali.

Mavuno yanakaribia. Nimenunua mifuko ya karatasi 50 kwa hela yangu, iko kwenye droo ya chumba cha dharura. Naomba kuambiwa nikishaijaza niipeleke wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Tabibu, Kanda ya Kati