Mama na kibofu

Zuhura shoga yangu,

Za siku? Huku wazima. Nimeshtuka kusoma kwamba Mama ameacha kunywa maji ili asibanwe na mkojo. Aanze tena leo, lita moja na nusu hivi kwa siku, apunguze kuanzia magharibi. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na choo kikiwa kigumu ndiyo hubanwa zaidi. Cha kupunguza ni ile chai ya rangi ya kutwa!

Sindano ya Botox (dawa ya kulegeza misuli ya kibofu) aliyoisikia kwa Mama Siwema ipo na inasaidia, ila si ya kuanzia. Huingiza kamera kibofuni, wakadunga uniti 100 hapa na pale ukutani. Baada ya miezi kadhaa nguvu huisha, hurudiwa. Na kibofu kikilegea mno, mkojo hugoma kutoka, inabidi ajitoe kwa mpira wa mkojo mara kadhaa kwa siku mpaka kirudi. Huko kwenu nani atamsaidia?

Oksibutinini, ile dawa ya kibofu waliyompa, ni ya bei nafuu, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa umri wake inaweza kumvuruga akili. Unasema siku hizi anasahausahau! Piriton yake ya mafua na amitriptilini ya miguu zina madhara yaleyale, zinalundikana. Muulizeni daktari habari ya mirabegroni, dawa nyingine ya kibofu: huanza miligramu 25, mdomo haukauki sana. Hiyo nayo hupandisha presha. Ikifika 180/110 haitolewi. Na bei yake, mh. Kidonge chochote kipeni wiki nne hadi nane kabla ya kukilaumu.

Ila mimi ningeanza na mazoezi. Aandike siku tatu saa anazokwenda chooni. Ikiwa ni kila saa, kila wiki aongeze dakika 15 za kungoja kabla ya kwenda, walau wiki sita. Akibanwa asikimbie, kukimbia ndiko kunakomwaga. Akae, abane misuli ya chini haraka haraka mara tano sita kama anayezuia hewa isimtoke nyuma, ngoja ipite, ndipo aende polepole. Wengi huacha mapema, kwa hiyo msimamie. Na maji asiache, nasema tena.

Mkojo umepimwa? Sukari je? Umewahi kuwa na damu? Humtoka akibanwa tu au hata akikohoa? Maana wa kukohoa vidonge hivi haviuzuii. Presha ya macho hana? Ile dawa ya presha inayokojoza anainywa asubuhi au usiku? Nijibu kabla hamjarudi kliniki.

Wako,
Mwanaidi